Kwanza Uliza Njia Imepitwa na Nani

Ukitoka Kigoma mjini kwa baiskeli na kulipa ziwa mgongo, jiandae kupanda. Uso wa Ziwa Tanganyika uko mita 770 na ushee kutoka usawa wa bahari, na vilima vinavyoanza nyuma ya Mwandiga kuelekea kaskazini vinapita mita 1,500 kabla hujafika mpaka wa Burundi. Katikati hapo tambarare ni chache na fupi. Kuna mabonde ya michikichi, vijito, mashamba ya mihogo na migomba, mabaki ya miombo kwenye migongo ya vilima, na vijia chungu nzima vinavyounganisha hayo yote. Barabara ya lami ya kwenda Manyovu ipo na ni nzuri, lakini ukiwa na magurudumu mawili huku lori la ndizi linateremka nyuma yako, uzuri wake unakwisha haraka. Mimi napita vijiani.

Vijana wanaoanza huniuliza ni kijia kipi kizuri. Huwa nawarudishia swali: kimepitwa na nani? Wanadhani nawazungusha. Lakini miaka yote niliyozunguka Mahembe, Bitale, Mkongoro hadi Kalinzi, hakuna kitu kingine kilichonisaidia kama kujua miguu ya nani, au magurudumu ya nani, ndiyo iliyoichimba njia niliyo juu yake.

Niseme kwanza kwamba baiskeli huku kwetu ni chombo cha kazi. Inabeba madumu ya mawese, mkaa, mikungu ya ndizi, magunia ya maharage, mgonjwa, mbao za jeneza. Mtu mzima anayepanda mlima na baiskeli tupu, kavaa kofia ngumu, akifika juu anageuza na kushuka, huyo ana maelezo ya kutoa. Bibi mmoja pale Bitale aliniona nikipita kwake kwenda juu asubuhi, akaniona narudi mchana sina kitu, akanisimamisha kwa huruma kabisa: "Mjukuu wangu, ulisahau nini huko?" Nikamwambia nilikwenda kufanya mazoezi. Akatazama jembe lake, akanitazama mimi, akaniambia karibu.

Sasa njia zenyewe. Ya waenda kwa miguu utaijua kwa sababu imenyooka. Inatoka nyumbani kwenda kisimani, au shambani, au kwenye kituo cha gari, na haina subira na mlima. Mguu wa mtu una vidole, unashika, unapanda penye mwinuko ambao tairi linageuka tu bila kwenda. Njia hiyo ukiipanda utaishia kusukuma baiskeli. Ukiishuka utakuta vingazi vya mizizi na mawe yaliyolegea, na chini kabisa, mara nyingi, watoto wenye ndoo.

Ya mbuzi inadanganya. Ni nyembamba, imelala vizuri ubavuni mwa kilima, udongo wake umekanyagwa ukawa laini, na kwa mita mia mbili unajiona umepata bahati. Halafu inagawanyika mara tatu na kuishia kwenye kichaka. Mbuzi hakuwa na safari, alikuwa anakula.

Halafu kuna njia ya wabeba mizigo kwa baiskeli, na hiyo ndiyo ninayoitafuta siku zote. Mtu mwenye madumu manne ya mawese, kila moja la lita 20, ana zaidi ya kilo 70 za mafuta nyuma yake, bado uzito wa baiskeli yenyewe. Huyo hawezi kupanda wima na hathubutu kushuka wima. Njia yake inakata ubavu wa mlima kwa mshazari, inazunguka kichwa cha korongo badala ya kutumbukia ndani, na kila baada ya kipande kigumu kuna mahali pa kupumzikia. Hapo pana alama ambazo ukishazizoea huzikosi. Ardhi ina matundu ya ile fimbo wanayoegemezea baiskeli, mti wa jirani umelainika gome usawa wa kiuno, na chini kuna makapi ya muwa. Nikiona makapi mabichi najua mbele yangu kuna mtu, naanza kupiga kengele mapema.

Wala si jambo jipya. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora na kuishia Ujiji ilitembea kwa mabega ya wapagazi, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi. Bega lenye mzigo linaijua ardhi kuliko ramani. Linatafuta tumbo la kilima, kivuko kisicho na kina, kivuli. Wanaosoma historia ya Ujiji huishia kwa Livingstone na Stanley kukutana pale mwaka 1871. Mimi nikipita chini ya miembe ile mikubwa nawawaza zaidi wale waliokuwa wametua mizigo kando.

Kushuka mlima nilifundishwa na mzee wa ndizi. Nilimkuta juu ya Mkongoro amesimamisha baiskeli yake, ile ya kichina nyeusi yenye karia iliyoongezwa nondo, akifunga upya mikungu kwa mpira wa tyubu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo yako inabeba nini?"

"Inanibeba mimi."

Akaizunguka taratibu. Akabonyeza springi za mbele, akagusa gia. "Basi mzigo wenyewe ndio wenye maneno mengi."

Nilimfuata nyuma hadi bondeni. Baiskeli yake haikuwa na breki ya mbele. Ya nyuma ilikuwa vipande vya raba alivyokata mwenyewe, na ya akiba ilikuwa mguu wake wa kulia, wenye katambuga, alioubana kati ya fremu na tairi la nyuma. Nikategemea atashuka kwa kelele na vumbi. Alishuka kimya. Kabla ya kila kona alikuwa ameshapunguza mwendo, na ndani ya kona yenyewe hakugusa kitu. Aliiacha baiskeli ijigeuze. Penye mteremko mrefu alikuwa anabana, anaachia, anabana, anaachia, na mara mbili alisimama kabisa, akagusa rimu kwa mgongo wa kidole, akasubiri. Mimi wa breki mbili za waya nilikuwa nimezishikilia tangu juu, viganja vinaniuma.

"Ukishika muda wote," aliniambia tulipofika kwenye daraja la magogo, "breki inachoka kabla yako. Ikichoka haikuagi."

Ndivyo ilivyo. Breki ya rimu inaubadili mwendo kuwa joto, na joto hilo likikosa nafasi ya kutoka linaingia kwenye raba, raba inaanza kuteleza, na kwenye mteremko mrefu rimu inaweza kupata moto kiasi cha kupasua tyubu. Wale vijana wa Marin huko California walioanzisha mchezo huu wa baiskeli za milimani walilijua hilo kwa moshi. Mwaka 1976 walianza kushindana kushuka njia moja ya vumbi waliyoiita Repack, wakitumia baiskeli kuukuu zenye breki ya kukanyaga pedeli kinyume. Walipofika chini, grisi ilikuwa imeungua ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, ikabidi kuifungua na kuijaza upya kabla ya kushuka tena. Miaka 20 baadaye, mwaka 1996, mchezo ukaingia Olimpiki kule Atlanta. Ningependa sana kuona mmoja wa wale mabingwa akishuka Mkongoro na mikungu minne.

Mengine ya ufundi nayapitia haraka kwa sababu yanajifunzwa haraka. Badili gia kabla mwinuko haujakubana, maana cheni iliyokazwa na mlima ikilazimishwa inakatika. Unaposhuka, pedeli zote mbili ziwe sambamba na ardhi, makalio yainuke kwenye siti na kurudi nyuma kidogo, viwiko vilegee. Macho yaende mbali. Ukilitazama jiwe utaligonga, tazama pa kupitia. Upepo wa tairi upunguze. Watu wa lami wanajaza hadi tairi linalia kama ngoma, halafu wanashangaa baiskeli inarukaruka kwenye changarawe. Tairi nene la inchi mbili na ushee, kwa mtu wa kilo 70, mimi naliacha kwenye psi 30 hivi, kile kipimo cha upepo kwenye pampu. Ukishusha zaidi ya hapo na bado unatumia tyubu, ukigonga jiwe rimu inaibana tyubu na kuitoboa vitobo viwili vinavyotazamana. Basi, beba viraka, solusheni, pampu na kiungo cha akiba cha cheni. Kutoka Kalinzi hadi kwa fundi wa Mwanga, kule Kigoma mjini, ni mbali ukiwa unasukuma.

Maji ndiyo yanayostahili muda zaidi.

Huku mvua zinaanza Novemba na kuchezea vilima hadi Aprili au Mei. Udongo mwekundu ukilowa unashika tairi, unajaa kwenye uma wa mbele hadi gurudumu linagoma kuzunguka, na ule mchanga wake laini unasaga raba za breki na rimu pamoja. Hiyo ni hasara ya mwenye baiskeli. Hasara ya njia ni kubwa kuliko hiyo. Njia iliyonyooka kutoka juu hadi chini ni mfereji tayari. Maji yakiingia juu hayana pa kutokea, yanaongeza kasi, yanakula udongo, na mwaka wa pili unakuta mahali pa kupita pamekuwa handaki la magoti. Watu wanahamia pembeni. Pembeni nako panachimbika. Kuna sehemu juu ya Bitale nimeona vijia vinne vimelala sambamba, vitatu vimekufa, cha nne kinaelekea hukohuko, na shamba la mtu limekatwa ukingo wake wote.

Wanaojenga njia za baiskeli za milimani kwa kusomea wana kipimo chao. Mwinuko wa kijia usizidi nusu ya mwinuko wa ubavu wa kilima kinapokatiza, na kwa wastani kijia kisipande zaidi ya asilimia 10, yaani mita moja juu kwa kila mita kumi za kwenda. Nilipokisoma mara ya kwanza nikachukua simu yenye programu ya kupima mwinuko, nikaenda kupima zile njia za wabeba ndizi. Sehemu nyingi zilikuwa hapohapo, kwenye nane, tisa, kumi. Hakuna aliyewapa kipimo hicho. Kilo mia moja nyuma ya siti zinatoa kipimo zenyewe. Na kwa kuwa njia inakatiza ubavu badala ya kufuata mteremko, maji yanaivuka na kuendelea chini, hayatembei nayo. Ndiyo maana ile ya mgongoni mwa Mkongoro, wazee wanasema waliikuta, na bado ipo.

Kwa hiyo mimi na wenzangu wachache tunaopanda pamoja tumejiwekea mambo. Baada ya mvua kubwa hatupiti njia hizo hadi udongo ukauke, hata kama likizo ndiyo inaisha. Na hatuburuzi tairi la nyuma. Vijana wanaona raha kufunga breki ya nyuma na kuchora mstari kwenye kona, wanapigwa picha. Ule mstari ndio mdomo wa korongo. Maji ya Novemba yanaukuta umefunguliwa, yanaingia.

Jambo la kupishana limenipa kazi zaidi. Kanuni za mchezo zinasema mwendesha baiskeli ampishe mtembea kwa miguu na anayeshuka ampishe anayepanda, kwa sababu anayepanda akisimama kuanza tena ni shida. Ni kanuni nzuri kwa watu wanaocheza. Huku kwetu kuna nyingine, haijaandikwa popote, na kila mtoto wa Kalinzi anaijua: mwenye mzigo hapishi mtu. Awe anapanda au anashuka, ni juu yako kutoka njiani. Ukisikia filimbi ya mdomo au sauti inaita "Njia! Njia!" kutoka juu, unaishusha baiskeli yako porini, unasimama upande wa juu wa kilima, na unasubiri. Upande wa juu, kwa sababu mzigo ukimshinda utaangukia chini. Akina mama wenye mizigo kichwani wanaingia kwenye kanuni hiyohiyo. Kwao kuna la zaidi. Unashuka kwenye baiskeli kabisa, unasalimia, unawaacha wapite bila kukimbia. Kupiga kengele kali nyuma ya mtu mwenye ndoo kichwani ni utovu wa adabu, na pia ni njia ya haraka ya kulowa.

Salamu inafungua milango mingine pia. Tuko mkoa wa mpakani, na kwa miaka mingi watu wamevuka na kuvuka tena kwa sababu zao. Mtu asiyejulikana, amefunika uso kwa miwani, anatokeza porini jioni, hawezi kulaumu akiulizwa anatoka wapi. Natembea na kitambulisho, na kijiji ambacho sijawahi kufika napitia kwanza kwa mwenyekiti au mtendaji, nasema mimi ni mtoto wa nani na nakaa wapi. Dakika kumi zinatosha. Wakishakujua, wao ndio wanaokwambia daraja limebebwa na maji, au upande ule wamechoma moto leo.

Miombo iliyobaki huko juu mingi ni misitu ya hifadhi ya vijiji, ina mipaka, ina kamati na walinzi wake. Baadhi inapakana na ukingo wa Hifadhi ya Taifa ya Gombe, ambako Jane Goodall alifika Julai 1960 kuanza kuwachunguza sokwe. Mwaka 1994 taasisi yake ilianzisha TACARE, mradi wa kurudisha misitu pamoja na wanavijiji, katika vijiji vinavyoizunguka, baada ya vilima nje ya hifadhi kubaki vipara. Ukisimama leo kwenye mgongo ule unaona tofauti bila kuelekezwa: upande wa ziwani miti imefungamana, upande huu kuna vipande vya kijani vinavyojaribu kurudi kati ya mihogo. Kwenye hivyo vinavyojaribu, mimi sipiti bila ruhusa, na ndani ya Gombe sipiti na baiskeli kabisa. Anayetaka kuiona Gombe aende Kibirizi, apande boti kama watu wengine. Sokwe wanashika maradhi yetu, mafua yakiwemo, na mtu anayehema na kutema mate mlimani si mgeni wa kumpelekea mnyama.

Uzuri wa misitu hiyo una msimu, nikisema hivyo wengine wananibishia. Mimi napenda Septemba mwishoni na Oktoba, kabla ya mvua, miombo inapotoa majani mapya yenye rangi ya shaba huku ardhi bado kavu. Moshi wa mioto ya kiangazi umeanza kupungua, na siku ukijaliwa unaona hadi milima ya Kongo ng'ambo. Wenzangu wanapenda Juni kwa sababu vumbi halijawa jingi. Tatizo la Juni ni nyasi. Zimerefuka kupita usukani, zinafunika mawe, na zinafunika nyoka.

Kinachonipa wasiwasi siku hizi ni pikipiki. Simlaumu mtu, mkungu wa ndizi ukifika Mwanga kwa nusu saa badala ya nusu siku ni nafuu kwa mwenye shamba. Yule mzee wa ndizi mwenyewe mwanawe ni bodaboda. Lakini pikipiki ina injini. Haihitaji mshazari. Inapanda wima, tairi lake linachimba mfereji mmoja katikati, na njia za zamani ambazo hazipitwi tena zinafunikwa na nyasi kwa msimu mmoja tu. Nimepoteza vipande viwili hivyo. Nilikwenda kuvitafuta nikakuta vichaka, na matundu ya fimbo bado yapo chini ya majani.

Tulikwenda kuzungumza na serikali ya kijiji kimoja huko juu. Tukaeleza kwamba sisi tuko tayari kuja na majembe na panga kiangazi hiki, kufyeka njia ya mgongoni na kuichongea michepuko ya maji, ile miinuko midogo ya kuyatoa pembeni kila baada ya hatua kadhaa. Hatuombi pesa, tunaomba ruhusa. Wakatusikiliza vizuri. Mwenyekiti akasema wazo ni jema, ila wao wana njia ya kisimani ambayo imeshakuwa korongo, na wajawazito wanateleza pale kila masika. Kama tunajua kweli mambo ya maji, tuanzie hapo.

Mmoja wetu alinung'unika kwamba njia ya kisimani haifai kwa baiskeli, ni wima mno. Nikamwambia ndiyo sababu inabidi ichepushwe. Tumepima kwa kamba na vigingi, inatoka kona nne, na mwenye shamba la mihogo amekubali kona ya tatu ipite kwake tukimlipa mihogo tutakayoing'oa. Tunaanza Jumamosi ya kwanza baada ya maharage kuvunwa.